Ngozi ya Mbwa Mwitu, Dhambi ya Mtu

Jean Grenier alikuwa mvulana wa miaka 13 au 14 alipoanza kujigamba mbele ya wasichana wachunga kondoo kwamba yeye si mtu wa kawaida. Huo ulikuwa mwaka 1603, katika nchi ya misitu na vinamasi kusini-magharibi mwa Ufaransa. Alisema anayo ngozi ya mbwa mwitu na mafuta ya kujipaka, vyote amepewa na mtu mrefu aliyekutana naye porini, ambaye yeye alimwita Bwana wa Msitu. Akijipaka na kuivaa ile ngozi hugeuka mnyama, na akishageuka hula watoto. Mmoja wa wasichana hao, Marguerite Poirier wa miaka 13, alieleza kwamba kweli mnyama alimrukia machungani akamrarua nguo, naye akamfukuza kwa fimbo yake. Mvulana alipokamatwa hakukana. Alitaja mahali, akataja watoto, akasema nyama ya nani ilikuwa tamu.

Mahakama ya mwanzo ilimhukumu kifo. Kesi ikapanda hadi Bunge la Bordeaux, ambalo zama hizo ndilo lililokuwa mahakama kuu ya jimbo, na huko mambo yakageuka. Majaji waliwaita matabibu wamchunguze. Walimwona kijana aliyefukuzwa na baba yake, aliyezunguka akiomba chakula, aliyekua bila kufundishwa lolote, mwenye akili ambayo hata mtoto wa miaka 7 au 8 angemzidi. Septemba mwaka huo waliamua asiuawe. Afungwe maisha katika nyumba ya watawa mjini Bordeaux, afundishwe dini, na akitoroka ndipo auawe. Mwaka 1610 jaji Pierre de Lancre, mtu aliyewapeleka wengi motoni kwa tuhuma za uchawi, alikwenda kumtazama. Alimkuta kijana mdogo wa umbo, macho yamezama, kucha ndefu nyeusi, meno yamechomoza. Aliambiwa kwamba alipofika kwa watawa alikuwa akitembea kwa mikono na miguu na kula matumbo ya samaki mabichi. Grenier mwenyewe alimwambia kuwa hata sasa, angepewa ruhusa, angekula nyama ya msichana mdogo. Muda mfupi baadaye akafariki.

Ni nani aliyewaua wale watoto? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, na ndilo lililobeba ngano zote za mtu anayegeuka mbwa mwitu tangu Ugiriki ya kale hadi filamu za karne ya 20. Watu wa mwambao na bara ya Afrika Mashariki wanalijua kwa sura nyingine. Mshitakiwa anasimama kizimbani, damu imekwisha kukauka, na anapoulizwa ana la kusema anajibu kwa upole: shetani alinipitia. Hasemi kwamba hakutenda. Anasema kwamba saa ile mwenye mikono hakuwa yeye.

Ngano ya zamani kabisa iliyoandikwa vizuri juu ya jambo hili haimpi mtu njia hiyo ya kutorokea. Mshairi wa Kirumi Ovid, akiandika miaka ya mwanzo ya zama zetu, alisimulia habari za Lykaon, mfalme wa Arkadia huko Ugiriki. Mungu mkuu alipomtembelea kwa sura ya binadamu, Lykaon alitaka kumjaribu. Alimchinja mateka mmoja, sehemu ya nyama akaichemsha, nyingine akaichoma, akaandaa meza. Mungu aliibomoa nyumba kwa radi. Lykaon akakimbilia porini, akajaribu kusema, kinywa kikatoa mlio, mavazi yakawa manyoya, mikono ikawa miguu. Lakini Ovid anasisitiza kwamba mengi hayakubadilika. Mvi zilikuwa zile zile, ukali wa uso ule ule, mng'ao wa macho ule ule. Tazama mpangilio wa mambo hapa: dhambi imekuja kwanza, manyoya yamefuata. Nyama ya mtu ilipikwa jikoni na mtu mwenye vidole vitano na akili timamu, aliyekwisha kuwaza viungo gani vichemshwe na vipi vichomwe. Umbwa mwitu ulikuja kuonyesha tu kilichokuwapo.

Hivyo ndivyo Plato alivyoielewa hekaya hiyo kabla ya Ovid kuzaliwa. Katika kitabu cha nane cha Jamhuri anakumbusha habari za hekalu la Zeus wa Arkadia, kwamba aonjaye kipande cha nyama ya mtu kilichochanganywa na nyama za wanyama wa sadaka lazima awe mbwa mwitu. Halafu anaitumia kumwelezea mtawala dhalimu. Mtu huyu alianza kama mtetezi wa umma, akawaburuta wananchi wenzake mahakamani kwa mashitaka ya uongo, akaonja damu ya ndugu zake, na baada ya hapo hana njia mbili: ama auawe na adui zake, ama awe mbwa mwitu. Watawala wa namna hiyo hawajaisha duniani.

Biblia nayo ina mfalme wake. Katika sura ya nne ya Danieli, Nebukadreza anatembea katika jumba lake la Babeli akijisifu kwa mji alioujenga. Neno lile halijamtoka kinywani, anafukuzwa mbali na wanadamu, anakula majani kama ng'ombe, nywele zake zinakua kama manyoya ya tai na kucha zake kama za ndege. Huko nako kiburi kilitangulia. Na akili ilimrudia siku aliyoinua macho yake mbinguni.

Wanatheolojia wa kwanza wa Kikristo walikuwa wakali kwa yeyote aliyeichukua hadithi ya kugeuka kwa maana ya nje. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alieleza katika Mji wa Mungu kwamba alipokuwa Italia alisikia habari za wanawake wenye nyumba za wageni waliowalisha wasafiri jibini yenye dawa na kuwageuza punda wa kubeba mizigo. Alitaja hata mzee mmoja aliyelala siku kadhaa baada ya kula jibini hiyo, kisha akaamka na kusimulia jinsi alivyokuwa farasi aliyebeba nafaka za askari. Augustino hakukubali kwamba mashetani wana uwezo wa kuugeuza mwili wa mtu, wala roho yake. Wanaloweza ni kumchezea katika njozi. Kanuni ya kanisa iliyoingizwa katika mkusanyiko wa Abate Regino wa Prüm karibu na mwaka 906 ilikwenda mbali zaidi: anayeamini kwamba kiumbe kinaweza kugeuzwa kuwa kingine na yeyote asiyekuwa Muumba ni mbaya kuliko asiye na dini.

Katika Uislamu mjadala ulikaa mahali pengine lakini ulikuwa na uzito uleule. Kurani inataja watu walioivunja Sabato wakaambiwa wawe manyani. Wafasiri wengi waliona kwamba miili yao iligeuka kweli. Mujahid bin Jabr, mmoja wa wanafunzi wakubwa wa Ibn Abbas, alipokewa akisema kwamba kilichogeuzwa ni mioyo yao, na kwamba huo ni mfano. Mfasiri Ibn Kathir hakuuridhia msimamo huo, na wengi walikuwa upande wake. Hata hivyo rai ya Mujahid haikufutwa vitabuni. Kila kizazi cha wanafunzi wa tafsiri hukutana nayo. Na kuhusu lile jibu la kizimbani, Sura Ibrahim inamwonyesha Shetani mwenyewe siku ya hukumu akilikataa: hakuwa na mamlaka juu yao, aliwaita tu nao wakaitika, basi wasimlaumu yeye bali wajilaumu wao.

Matabibu walikwisha kuingia uwanjani zamani. Paulo wa Aegina, tabibu wa karne ya 7, aliandika juu ya wagonjwa wanaotoka usiku na kuiga mbwa mwitu, wanaozungukazunguka makaburini hadi kunapambazuka. Alizitaja dalili kwa utulivu wa mtu aliyeziona, au aliyesoma kwa walioziona: rangi imepauka, macho makavu yasiyotoa machozi, ulimi mkavu, miundi yenye vidonda visivyopona kwa kujikwaa gizani. Dawa ilikuwa kutolewa damu, kuogeshwa maji matamu na kusaidiwa kulala. Maarifa haya yalihamia Baghdad na kwingineko, na Ibn Sina akayapa nafasi katika Kanuni yake ya tiba, akiuita ugonjwa huo kutrubu na kuuweka pamoja na huzuni nzito inayoharibu akili. Hawakuhitaji pepo wala kuni za kuchomea mtu. Walimwona mtu anayeteseka, mwenye vidonda miguuni, wakataka alale.

Ugonjwa huo upo hadi leo, ingawa ni adimu mno. Mwaka 1988 kundi la madaktari wa akili wa Marekani lilitangaza visa 12 vilivyopita katika hospitali moja karibu na Boston kwa muda wa miaka 12. Mwaka 2014 daktari wa Uholanzi, Jan Dirk Blom, alipekua maandishi ya kitabibu tangu mwaka 1850 akapata visa 56 vya watu walioamini wamegeuka wanyama, na kati ya hivyo ni 13 tu waliojiona kuwa mbwa mwitu. Wengine walikuwa mbwa, nyoka, fisi, hata nyuki. Wengi wao walikuwa na magonjwa yanayojulikana, kama skizofrenia au sonona kali. Baadhi husema wanaona manyoya yakiota mikononi wakijitazama. Kwa watu hawa mnyama si kisingizio hata kidogo. Wengi hawakumdhuru mtu. Wanaomba msaada, na kuwachanganya na wauaji ni kuwadhulumu mara mbili.

Basi kwa nini Ulaya, iliyokuwa na Augustino maktabani na Paulo wa Aegina mikononi mwa matabibu wake, iliwachoma watu kwa kosa la kugeuka mbwa mwitu katika karne ya 16? Mwaka 1574 Gilles Garnier, mkaa pweke maskini wa karibu na Dole, alichomwa akiwa hai baada ya kukiri kwamba aliwaua watoto, akala, na kumpelekea mkewe nyama nyumbani. Oktoba 1589, mjini Bedburg karibu na Cologne, Peter Stumpp aliteswa hadi akasema Ibilisi alimpa mshipi unaomfanya mbwa mwitu. Mshipi ulitafutwa, haukuonekana. Alivunjwa viungo kwenye gurudumu, akakatwa kichwa, akachomwa, na binti yake akauawa pamoja naye. Mwaka uliofuata habari zake ziliuzwa London katika kijitabu.

Kinachosahaulika katika masimulizi ya Stumpp ni yaliyotangulia. Tangu 1583 hadi 1588 eneo la Cologne lilikuwa vitani, Wakatoliki na Waprotestanti wakigombea kiti cha askofu mkuu, na majeshi ya kukodiwa yakipora, yakichoma vijiji na kuua wakulima. Nchi ile ilikuwa imejaa wauaji wenye kofia za chuma na mishahara. Hakuna aliyewaita mbwa mwitu. Aliyepewa jina hilo ni mkulima mmoja, na alipokwisha kuwa majivu watu wa Bedburg waliweza kusema kwamba uovu umeondoka mjini. Hapa ndipo ngano inapobadilika kazi. Mtu mmoja husema "hakuwa mimi" ili asijibu. Jamii nzima husema "huyu si mwenzetu" ili isijiangalie. Sheria za Uingereza ya zamani zilikuwa na adhabu iliyoeleweka hivyo: mhalifu aliyewekwa nje ya sheria alihesabiwa kuwa na kichwa cha mbwa mwitu, na aliyekutana naye aliweza kumuua kama angemuua mnyama huyo.

Tanganyika nayo iliipitia njia hiyo. Miaka ya 1946 na 1947, huko Singida, watu waliuawa mmoja baada ya mwingine kwa majeraha yaliyofanana na makucha. Wanyaturu walisema ni kazi ya mbojo, watu-simba, wanaofugwa na wenye nguvu za uchawi na kutumwa kuua. Serikali ya kikoloni ilikamata washukiwa, mahakama zikakaa, watu wakanyongwa. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider aliirudia habari hiyo na kuitazama upya, maana hata baada ya hukumu halikutulia swali la nini hasa kilichotokea: simba wa kweli, wauaji waliovaa ngozi, au hofu iliyowaunganisha wote wawili. Ndugu za waliokufa walihitaji jina la kukamata, na dola nayo ilihitaji hivyo hivyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mbwa mwitu alihamia chumba cha daktari mjini Vienna. Mwaka 1910 kijana tajiri kutoka himaya ya Urusi, Sergei Pankejeff, alianza kutibiwa na Sigmund Freud. Alimsimulia ndoto aliyoiota akiwa na miaka kama minne: amelala usiku wa baridi, dirisha linafunguka lenyewe, na juu ya mti mkubwa wa jozi mbele ya dirisha wamekaa mbwa mwitu weupe sita au saba, mikia yao mikubwa kama ya mbweha, masikio yamesimama, wanamtazama. Akaamka akipiga kelele. Freud alichapisha uchambuzi wake mwaka 1918 na kuijengea ndoto hiyo nadharia nzima juu ya jambo ambalo mtoto aliliona chumbani mwa wazazi wake. Uzeeni Pankejeff alimwambia mwandishi wa habari Karin Obholzer kwamba hakuwahi kuukubali ufafanuzi huo. Katika nyumba za watu wa tabaka lake, alisema, mtoto hulala chumbani kwa yaya.

Mwanahistoria wa Italia Carlo Ginzburg ndiye aliyeuona mlango ambao Freud aliupita bila kuufungua. Pankejeff alizaliwa mkesha wa Krismasi wa 1886, akiwa amefunikwa na utando wa uzazi. Katika imani za Waslavi, mtoto aliyezaliwa na utando, au katika siku za Krismasi hadi Epifania, ndiye mwenye kugeuka mbwa mwitu. Yaya wake alikuwa mwanamke wa kijijini, mcha Mungu na msimulizi wa hadithi. Karibu ni hakika kwamba mtoto alikwisha kusikia yeye ni nani kwa macho ya wazee. Wale wanyama juu ya mti huenda hawakuja kumla. Walikuja kumwita mwenzao. Freud alitafuta siri ya familia moja akaacha urithi wa watu wengi, na hilo ni pengo kubwa katika kazi yake mashuhuri.

Carl Jung alikuwa karibu zaidi aliposema kwamba kila mtu anacho kivuli, sehemu ya nafsi ambayo hakubali kuwa ni yake, na kwamba kadiri anavyoikana ndivyo inavyopata nguvu juu yake. Ushahidi wa kivuli cha taifa zima haukuchelewa. Hitler alipenda kuitwa Wolf, na mwaka 1942 makao yake ya kijeshi karibu na Vinnytsia huko Ukraine yaliitwa Werwolf, yaani mtu-mbwamwitu. Mwaka 1944 msaidizi wake Himmler alianzisha vikosi vya kupigana kisirisiri kwa jina hilo hilo. Hawa hawakusema "hakuwa sisi". Waliichukua ngozi kwa fahari, na walioua walikuwa na saa mikononi, ratiba za treni na karatasi zenye mihuri. Wakati huo huo, huko Hollywood, Curt Siodmak, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, aliandika filamu ya The Wolf Man ya mwaka 1941, ambamo mtu-mbwamwitu huiona alama ya nyota katika kiganja cha mhanga wake atakayefuata. Asiyejua Siodmak alitoka wapi hataielewa nyota hiyo.

Lakini aliyevuruga hesabu za wote ni mzee mmoja wa Livonia, nchi ambayo leo ni sehemu za Latvia na Estonia. Mwaka 1691, mjini Jürgensburg, mkulima aitwaye Thiess, mwenye miaka zaidi ya 80, aliitwa mahakamani kama shahidi tu katika kesi ya wizi wa kanisani. Mtu mmoja alipotabasamu wakati anaapishwa, na majaji wakauliza kulikoni, ikajulikana kwamba kijiji kizima kinamjua mzee huyu kuwa ni mbwa mwitu. Thiess hakukataa. Alisema aliwahi kuieleza mahakama nyingine habari hiyo miaka 10 hivi iliyopita, nao wakamcheka.

Majaji waliacha kesi ya wizi wakaanza kumhoji. Mara tatu kwa mwaka, alisema, usiku wa Mtakatifu Lusia, wa Pentekoste na wa Mtakatifu Yohana, yeye na wenzake huenda jehanamu. Wachawi, ambao hula pamoja na Ibilisi, huiba machipukizi ya nafaka na baraka ya mashamba na kuipeleka huko chini. Mbwa mwitu huwafuata kwa mijeledi ya chuma, hupigana nao na kuirudisha. Pua yake ilikuwa imevunjika. Alisema mchawi mmoja, ambaye alimtaja kwa jina, alimpiga huko kwa mpini wa ufagio uliofungwa mkia wa farasi. Wakifanikiwa, mwaka huo kuna mavuno. Aliulizwa kama Wajerumani nao huenda, akajibu kwamba wao wana jehanamu yao peke yao. Waliokuwa wakimhoji walikuwa watu wa tabaka la Wajerumani, wenye ardhi na wenye kanisa. Yeye alikuwa wa wale waliolima na kutoa kodi ya nafaka. Jibu hilo lilikuwa na uzito wake.

Majaji walimbana: unawezaje kumtumikia Mungu ilhali wewe ni mbwa mwitu? Alisema wao ni mbwa wa Mungu, na kwamba Ibilisi huwachukia na kuwafukuza getini kwake. Mchungaji aliitwa amwonyeshe dhambi yake, atubu. Thiess alikasirika. Alimjibu kwamba mambo haya anayaelewa kuliko mchungaji, ambaye bado ni kijana, na kwamba roho yake itakwenda mbinguni.

Mbele yao alisimama mtu mwenye mnyama ndani yake ambaye hakumtumia kujitetea. Kila alilofanya usiku alilidai kuwa ni lake, pamoja na mifugo ya watu waliyoichukua na kuichoma njiani. Hakusema amepitiwa na chochote. Sheria ilikuwa na nafasi ya mwenye mkataba na Ibilisi na ya mgonjwa wa akili, na mzee huyu hakukaa katika nafasi yoyote kati ya hizo mbili. Kesi ilisogezwa mahakama ya juu, ikachukua muda mrefu. Hukumu ilitoka mwaka 1692: achapwe viboko hadharani na kufukuzwa nchini, kwa kuwa amewapotosha wakulima kwa maneno ya uganga aliyoyasomea wagonjwa na mifugo yao, maneno ambayo hayakuwa na jina la Mungu.